Papai, Mnara na Maji ya Bamvua: Namna ya Kuendesha Igizo la Kiapo Mezani

Kuzima taa na kupiga meza ghafla kila mtu anaweza, na watu watashtuka, kisha watacheka. Igizo la hatia lina kazi nzito zaidi ya hiyo: linataka mtu aulizwe jambo dogo kwa sauti ya upole, ajue jibu, na akae na jibu hilo kooni mbele ya wenzake. Mwongozo huu ni wa mchezo wa kuigiza kwa maneno, watu wakikaa mezani na kusema kama wahusika, bila jukwaa: kikao kimoja cha saa tatu na nusu, wachezaji wanne na msimulizi mmoja, yaani yule anayeendesha igizo na kusema kwa niaba ya kila asiye na mchezaji, marehemu akiwemo.

Pwani tumejaliwa mifano. Halbadiri, kisomo cha kumwapiza mkosaji, ikisomwa kwa ajili ya mwizi, mara nyingi hakuna anayetajwa jina. Kisomo kinaisha, watu wanakunywa kahawa na kwenda zao, na ndipo hofu inapoanza, kwa sababu siku ya tatu anayeumwa kichwa anaanza kujiuliza. Wamijikenda nao wana viapo vyao, cha shoka la moto na cha papai. Katika kile cha papai mtuhumiwa hulishwa kipande chenye dawa ya mganga, na huaminiwa kwamba mwenye hatia atavimba mdomo. Vyote vina kitu kimoja ambacho waandishi wengi wa maigizo hukisahau, nacho ni ule muda kati ya kuapa na kupata jibu. Ukifupisha muda huo umeua igizo. Pepo anayetokea dakika tano baada ya uongo ni askari tu aliyevaa kanzu nyeupe.

Hapa tunatumia papai. Halbadiri iacheni kwa wenyewe. Ni kisomo cha watu wanaokiamini, na haifai kusomwa kwa mchezo. Papai ni tunda, linauzwa sokoni, na kila mtu mezani anaweza kulitia mdomoni.

Mahali na mali

Kijiji hakina jina. Kiko kusini kabisa mwa Kwale, pwani ya Kenya, upande wa Vanga, mikoko imekizunguka na bahari inaingia mpaka uani yanapofika maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mwandamo au mpevu. Ni mji wa Wadigo, ambao ni Wamijikenda, na hilo lina maana kwa hadithi: kwa mila ya zamani ya Kidigo mali ya mtu ilikwenda kwa wapwa zake, wana wa dada yake, ilhali sheria ya Kiislamu inawapa watoto wake na mjane. Mivutano ya namna hii imekula undugu wa familia nyingi bila msaada wa pepo yeyote. Marehemu, mzee atakayerudi usiku kuwauliza maswali walio hai, ameacha minazi, na pwani mnazi unaweza kuwa na mwenyewe tofauti na mwenye ardhi, ukauzwa au ukawekwa rehani peke yake. Ameacha pia daftari la kuonyesha mnazi upi ni wa nani. Daftari limeonekana, lakini kurasa mbili hazimo.

Wahusika ni wanne: mwana, mkwezi aliyeangua nazi za mzee kwa miaka mingi, mjane, na mpwa. Wakae kwa mpangilio huo, kila mmoja akiwa na mwenzake anayefuata upande wa kulia. Msifanye mzaha na mpangilio, kwa sababu ndio mtambo wenyewe.

Hatia inazunguka kwenda kulia. Mwana alichana kurasa zilizoonyesha minazi sita ambayo mkwezi alikuwa ameshaikomboa. Mkwezi amekuwa akiangua nazi za mjane usiku na kusingizia ngedere. Mjane alitumwa na marehemu siku ya mwisho amwite mpwa, akakaa kimya, na mpwa akakuta kaburi limeshafukiwa. Mpwa alibonyeza dole gumba la mzee kwenye karatasi mzee akiwa hajitambui, na minazi iliyokusudiwa kumsomesha mwana ikawa yake.

Sasa ongeza jambo la pili: kila mmoja anajua nusu ya siri ya huyohuyo aliye kuliani kwake. Mwana alimwona mkwezi na kikapu saa nane za usiku. Mkwezi alikuwa juu ya mnazi aliposikia mzee akimtuma mkewe. Mjane aliona wino kwenye dole la mumewe. Mpwa alisikia karatasi ikichanika. Kwa hiyo uliyemdhulumu ndiye unayejua ubaya wake. Kila mchezaji anaanza kikao na kisingizio tayari mfukoni, "hata yeye si mwema," na kisingizio hicho ndicho kitakachomzuia kuungama mpaka maji yamfike magotini. Mtu anayekukabili upande wa pili wa meza hakujui lolote, na utajikuta unamtazama sana.

Ukitaka kuandika hatia zako mwenyewe badala ya hizi, pima kila moja kwa mambo manne. Isemeke kwa sentensi moja. Aliyeumia awe mezani. Faida yake iwe bado mkononi mwa mkosaji, kwani kosa ambalo faida yake imekwisha ni historia. Na iwe imeacha alama mbili, kitu kimoja kinachoshikika na mtu mmoja aliyeona nusu. Siri isiyo na alama haitagunduliwa, na mchezaji ataondoka nayo kama alivyokuja. Kipimo cha uzito ni hiki: wizi, uongo, kunyamaza na kughushi vinafaa. Ukiweka mauaji ya mtoto au ubakaji, meza inaganda, kwa sababu hakuna marejesho ambayo mhusika anaweza kuyatamka.

Vifaa

Papai moja lililoiva vizuri, la kilo moja hivi, mkalikate vipande sita: vinne vya wahusika, kimoja cha mganga, kimoja cha marehemu. Lisiwe bichi, maana utomvu wake unachoma midomo, na mchezaji akivimba kweli utakuwa na kesi nyingine. Uliza mapema nani ana mzio.

Chemli moja, au simu yenye tochi iliyolazwa kifudifudi chini ya chupa ya maji. Maji yanatawanya mwanga na uso wa kila mtu unaonekana nusu. Karatasi moja kwa kila mchezaji, yenye siri yake, nusu anayoijua ya jirani, na idadi ya minazi aliyonayo, kumi kila mmoja.

Na mnara wa Jenga, mchezo wa vipande vya mbao vilivyopangwa safu juu ya safu, ambavyo huchomolewa na kuwekwa juu mpaka mnara uanguke. Jina hilo ni kitenzi chetu. Leslie Scott, aliyeubuni mchezo huo, alizaliwa Tanganyika na kukulia Afrika Mashariki na Magharibi, akaanza kuuza mnara wake London mwaka 1983 kwa jina la kujenga, ingawa kazi yake kubwa ni kubomoka. Una vipande 54, safu 18 za vipande vitatu vitatu. Usimamishe juu ya meza nzito au sakafuni kwenye vigae. Mkekani hausimami sawa. Zima feni. Kabla ya kuanza toa vipande sita kutoka safu za katikati uviweke juu, la sivyo saa nzima itapita hakuna anayeogopa kuugusa.

Kwa nini mnara, wakati dadu zipo? Dadu humwondolea mtu lawama, "bahati mbaya tu." Mnara unaudondosha kwa mkono wako mwenyewe, watu wakikutazama, baada ya kusema uongo uliouchagua. Kwa igizo la hatia sijaona kifaa kinachoufikia.

Saa ya maji

Kwenye pwani yetu, siku za bamvua, mwezi mwandamo au mpevu, maji hukupwa karibu saa nne na kujaa karibu saa kumi. Igizo linaanza saa nne usiku, njia ya mikokoni bado inapitika kwa miguu, na linakwisha saa kumi alfajiri, maji yakiwa kizingitini. Saa sita za hadithi ni saa tatu za kweli, kila saa ya maji dakika thelathini. Nusu saa ya mwanzo kabisa ni ya kugawa karatasi na kueleza kanuni.

Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Mabaharia hugawa kina chote mafungu kumi na mawili: saa ya kwanza hupanda fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Tukikadiria mita 3 kati ya maji makupwa na maji kujaa, hiyo ni sentimita 25, 50, 75, 75, 50, 25. Nusu ya bahari yote inaingia kati ya saa sita na saa nane za usiku.

Fuata hesabu hiyohiyo kwa maswali ya marehemu. Ana maswali kumi na mawili usiku mzima: moja, mawili, matatu, matatu, mawili, moja. Msimulizi asiyejipangia hivi humaliza maswali yote makali saa ya kwanza, kisha anaanza kupiga kelele. Hapa bahari inakushika mkono.

Kanuni ni chache. Mhusika akimdanganya au kumkwepa marehemu, anachomoa vipande viwili kwa mkono mmoja na kuviweka juu. Akimdanganya mhusika mwenzake aliyemuuliza ana kwa ana, kipande kimoja. Akisema kweli, hagusi mnara. Kunyamaza ni kukwepa. Mnara ukianguka kwa kiwiko au mtoto kupita, jengeni upya, hakuna aliyeshikwa.

Kula

Mganga anaongea kwa msimulizi, maneno machache. Kila mhusika anashika kipande chake, anasema "Sina changu cha kuficha katika mali ya marehemu," anakula. Wote wanne watakuwa wamesema uongo ndani ya dakika mbili. Msiguse mnara, uongo huu wa kwanza ni bure, na ubure wake ndio unaouma baadaye. Mganga anakula chake na kuaga, kabla maji hayajafunga njia. Kipande cha sita kibaki kwenye sahani, katikati, karibu na taa. Kufikia saa ya tatu ya igizo kingo zake zitakuwa zimekauka na kujikunja, nyama imelainika, na maji ya rangi ya chungwa yamechuruzika kwenye sahani. Usiseme lolote kulihusu. Wachezaji watakisogelea kwa macho wenyewe.

Koma hapigi kelele

Kwa Wamijikenda koma, wafu wa ukoo, huja ndotoni wakilalamika kwa mambo madogo: njaa, baridi, kusahauliwa. Fuata mwendo huo. Asimtuhumu mtu, asitaje kosa, asiseme "ninajua ulichofanya." Aombe na aulize, kama mzee aliyeamka usiku na kutafuta shuka. Mfano wa saa ya pili:

"Mkwezi."
"Labeka, Mzee."
"Minazi ya mama yenu hapa. Siku hizi haizai?"
"Inazaa, Mzee. Ngedere tu wamezidi mwaka huu."

Msimulizi hajibu. Anasogeza mkono kuelekea mnara, taratibu, anaonyesha vidole viwili. Vipande vinachomolewa kwenye kimya hicho, na mwana, aliyekiona kikapu usiku ule, anatazama pembeni. Ukiongeza hata neno moja hapo, "una hakika?", umemsaidia mkwezi. Kimya hakina pa kushikia.

Andika maswali yote kumi na mawili kabla ya siku, matatu kwa kila mhusika. La kwanza liguse kitu (shuka, wino, kikapu), la pili liguse mtu aliyeumia, la tatu litake jibu la ndiyo au hapana. Usimwulize mhusika mmoja mara mbili mfululizo.

Mnara ukianguka, aliyeudondosha ameshikwa na kiapo. Midomo inamvimba, maneno hayatoki. Usimtoe mezani, mtu anayekaa pembeni na simu yake kwa saa nzima anaharibu kila kitu. Anahamia upande wa koma, na maswali yaliyobaki mnagawana naye. Anamjua jirani yake nusu, atauliza vibaya kuliko wewe. Jengeni mnara tena, mchomoe vipande vitatu kwa kila saa ya maji iliyopita, mwendelee. Mchezaji anaweza pia kuuangusha mnara kwa makusudi ili mwingine aliyekuwa akichomoa asishikwe. Akifanya hivyo, hadanganyi tena hata kwa nusu neno mpaka mwisho.

Kukiri si kuungama

Kiswahili kimetufanyia kazi nusu. Kukiri ni kuitika shtaka: umeulizwa, umebanwa, umesema ndiyo. Kuungama kunatoka kwako, kwa hiari. Kutubu ni kuacha na kurudisha. Igizo linahitaji vyote vitatu visichanganywe, kwa hiyo weka kipimo cha wazi. Ungamo kamili lina vipande vinne: nilichofanya, niliyemuumiza, faida ilikokwenda, ninachorudisha. Lisemwe kwa aliyeumia, akitazamwa usoni, si kwa koma na si kwa msimulizi.

"Nisamehe, Mama, shida ilinisukuma" halipiti. Hamna tendo humo, kuna shida tu. Linalopita ni kama hili: "Mama, nazi zako niliziangua mimi, usiku, tangu mfungo uliopita. Ngedere hawakuwapo. Pesa zilinunua baiskeli ile iliyoegemezwa nje, na baiskeli ni yako tangu sasa." Kisha mkwezi anafuta minazi yake mitatu kwenye karatasi na mjane anaandika mitatu kwenye yake. Kalamu ipite karatasini kweli. Mchezaji anaona anachokipoteza.

Aliyeumia hana lazima ya kusamehe. Mkumbusheni hilo mapema, maana kwa adabu zetu watu hukimbilia "yamekwisha, mwanangu" kabla hawajasikia sentensi ya pili.

Na aliyeungama hajapona. Tangu hapo akiulizwa, ataulizwa kuhusu nusu anayoijua ya jirani wa kuliani, yuleyule aliyemwomba radhi sasa hivi. Amchongee tena, au amfiche na kuchomoa? Hapo ndipo wachezaji wengi hukaa kimya kwa dakika nzima.

Yanayoharibika

Mtu akiungama dakika ya ishirini ili "amalize," maana yake ungamo lako halina bei. Angalia kama umesahau kufuta minazi.

Wachezaji wakicheka sana saa ya kwanza, waache. Ni woga. Punguza utambi wa chemli, ngojea, cheko litakwisha lenyewe. Ukiwakemea, umekuwa mwalimu wa zamu.

Msimulizi akianza kuhubiri, igizo limekufa. Dalili yake ni koma kusema sentensi zaidi ya mbili.

Jambo zito zaidi: mtu asilete dhambi yake ya kweli. Sema waziwazi mwanzoni kwamba siri ni zile za kwenye karatasi. Kabla ya kugawa, pitisha karatasi tupu kila mmoja aandike mambo asiyotaka yatajwe kabisa, na yale yanayoweza kutajwa bila kuelezwa. Weka mezani kadi yenye herufi X, mbinu iliyoenezwa na John Stavropoulos: anayeigusa hasemi sababu, na kilichokuwa kinaelezwa kinafutwa, mnaendelea kwingine. Msicheze katika nyumba yenye matanga wala na mtu aliyefiwa karibuni. Msichome ubani, msipige ngoma wala kuimba nyimbo za kilinge. Kama kuna mtu kwenye kundi ambaye hupandisha pepo, harufu na mdundo vinatosha, na hakuna kanuni ya mezani itakayokusaidia akishaanza kutetemeka.

Mkicheza kwa WhatsApp, siri zitumwe faragha, koma aseme kwa sauti iliyorekodiwa isiyozidi sekunde kumi, na kila saa ya maji iwe siku moja. Mnara hauna mbadala mzuri huko. Kilicho karibu nao ni kila muongo kutuma picha ya kibiriti kilichoteketea, kwenye kundi, bila maelezo. Wenzake watahesabu.

Kipande cha sita

Kuna jambo ambalo wachezaji hawaambiwi. Marehemu naye ana lake: minazi kumi ileile aliiweka rehani kwa watu wawili, na kurasa zilizochanwa zilikuwa na ushahidi huo pia. Kwa hiyo hakimu wa usiku huu hajui kila kitu na hataki kila kitu kijulikane. Acha alama mbili, kama kawaida. Mojawapo iwe mgeni aliyekuja mazishini akauliza habari za minazi kumi ya upande wa mikoko, kisha akaondoka bila kula.

Vikundi vingi havifiki huko, na igizo linakwisha vizuri tu kwa swali la kumi na mbili na maji kizingitini. Ila mara mojamoja, kwenye saa ya tano au ya sita, mchezaji mmoja anasukuma sahani kuelekea kiti chako na kusema, "Na wewe, Mzee, kula." Hapo kanuni zote zinakugeukia. Kula kipande, kimekauka, kula. Waulize wanachotaka kujua. Ukikwepa, ni vipande viwili, kwa mkono mmoja, kutoka mnara ulioujenga wewe, wao wakikutazama. Fanya mazoezi nyumbani ya kuchomoa. Mkono wa msimulizi hutetemeka kuliko mikono ya wote, kwa kuwa usiku kucha haujagusa kitu.